Barua ya kirafiki ilikuwa deni kabla haijawa zoezi la mtihani

Barua ya kirafiki ni utungo ambao takriban kila aliyepitia shule nchini Kenya ameuandika, lakini ni wachache waliowahi kuutia katika bahasha na kuutuma. Mwanafunzi hufunzwa kuweka anwani yake juu upande wa kulia, tarehe chini yake, kisha mtajo wa "Kwa Rafiki Mpendwa", kisha ile sentensi tunayoijua sote ya kumtakia mwenzake buheri wa afya. Baada ya hapo huja mwili, hitimisho na jina. Mwalimu husahihisha, hutoa alama za sura, na daftari hufungwa. Rafiki anayeandikiwa hayupo. Aghalabu hata jina lake limebuniwa na mtahini.

Nimefunza Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka walimu watarajiwa huniuliza swali lile lile: Profesa, mbona tuendelee kufunza barua ya kirafiki ilhali watu siku hizi huandikiana kwa simu, tena kwa maneno matatu na kikatuni cha kucheka? Swali hili si la utundu. Linahitaji jibu. Na jibu langu ni kwamba sura ya barua haikutungwa na watunga mitaala. Kila sehemu yake ilizaliwa na haja fulani, na mwalimu asiyeijua haja hiyo atafunza mifupa isiyo na nyama.

Ili kuionyesha haja hiyo, nawaomba wasomaji wangu tusafiri hadi Marekani, miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Nimeichagua nchi hiyo na wakati huo kwa sababu mbili. Kwanza, barua nyingi sana za marafiki wa enzi hiyo zimehifadhiwa. Pili, sheria za posta zilizotawala barua hizo zinajulikana, hivyo tunaweza kuona jinsi gharama, karatasi na umbali vilivyoifinyanga lugha yenyewe.

Tuanze na pesa. Kwa kawaida barua ililipiwa na mpokeaji, si mtumaji. Mtumaji angeweza kulipa mapema akitaka, ila desturi iliyoenea ilikuwa kumwachia mwenzake gharama. Bei ilipangwa kwa mambo mawili: umbali na idadi ya karatasi. Kwa mujibu wa viwango vya 1816, karatasi moja ikienda kwa umbali usiozidi maili 30 iligharimu senti 6. Ikivuka maili 400, ambazo ni kama kutoka Mombasa hadi Nakuru, iligharimu senti 25. Ukitumia karatasi mbili, bei ilikuwa maradufu. Huo ulikuwa wakati ambapo kibarua wengi walilipwa takriban dola moja kwa siku, au chini yake. Kwa hivyo rafiki aliyekuandikia kurasa nyingi kutoka mbali aliweza kukugharimu nusu ya ujira wa siku nzima.

Isitoshe, barua haikuletwa mlangoni. Uliifuata mwenyewe posta. Mwaka 1790 Marekani nzima ilikuwa na ofisi za posta 75 tu. Kufikia 1820 zilikuwa takriban 4,500. Barua ambazo hazikuchukuliwa, msimamizi wa posta alichapisha majina ya wenyewe gazetini ili waje kuzikomboa. Hebu fikiria: unasoma gazeti, unaona jina lako, unafunga safari, unafika dirishani, unatoa pesa, ndipo unapewa karatasi iliyokunjwa. Unaifungua ukiwa tayari umeinunua. Je, ungefurahi kukuta mistari miwili ya "vipi huko, huku tuko poa"?

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini barua za enzi hiyo zilijaa habari mpaka pembeni. Mwandishi alijua kwamba mwenzake atalipa, na kwamba heshima ilidai amlipe kwa maneno yenye uzito. Wakenya wa rika fulani wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Mtu aliye na salio alipokea "flashi" ya rafiki, akapiga kwa pesa zake, kisha akaambiwa, "Aa, nilikuwa nakujulia hali tu." Tulikasirika, au sivyo? Mwamerika wa 1820 naye angekasirika.

Gharama hiyo iliathiri hata umbo la karatasi. Bahasha haikutumika sana kwa sababu ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili na kuongeza malipo. Mwandishi alichukua karatasi kubwa, akaikunja katikati kupata kurasa nne, akaandika kurasa tatu na kuacha sehemu ya ukurasa wa nne. Kisha aliikunja tena na tena hadi sehemu ile iliyoachwa ikatokea nje, akaandika hapo jina na mahali pa mpokeaji, akaifunga kwa lakiri. Mpokeaji alipoivunja lakiri kwa pupa, kipande cha karatasi kiliweza kuchanika na kwenda na maneno. Ndiyo sababu leo watafiti hukuta matundu katika barua hizo, na maneno yaliyotoweka.

Na nafasi ilipokwisha kabla ya maneno? Mwandishi aliigeuza karatasi upande na kuandika juu ya mistari ya mwanzo, mistari mipya ikikata ile ya awali kama nyuzi za mkeka. Ukurasa mmoja ukabeba kurasa mbili. Macho yaliumia, lakini mfuko ulipona. Kuna waliobuni mbinu ya ujanja zaidi. Gazeti lilisafirishwa kwa senti 1 au 1 na nusu tu, basi mtu alinunua gazeti, akatoboa au kupigia mstari herufi fulani moja baada ya nyingine, akalituma kwa rafiki yake. Aliyelipokea aliziunganisha herufi na kupata ujumbe. Sheria ilikataza, lakini maskini hana simile.

Sasa tuingie katika lugha yenyewe. Barua za watu wa kawaida wa enzi hiyo, hasa wale ambao hawakusoma sana, zilifunguliwa kwa fomula ambayo kwa Kiswahili ningeieleza hivi: mwandishi anasema ameshika kalamu kumwarifu mwenzake kwamba yeye ni mzima, na anatumai kuwa mistari hii michache itamkuta naye akiwa mzima vivyo hivyo. Kumbe! Si hii ndiyo "natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, nami huku sijambo"? Wanafunzi wangu huidhani sentensi hiyo kuwa pambo la mwalimu wa Kiswahili. Wengine huicheka. Kumbe binadamu waliotengana kwa umbali mkubwa wameihitaji popote walipokuwa.

Waliihitaji kwa nini? Barua ilichukua siku nyingi, wakati mwingine majuma, na homa hazikungoja. Philadelphia, uliokuwa mji mkubwa na makao ya serikali ya taifa, ulipoteza maelfu ya watu kwa homa ya manjano mwaka 1793 katika muda wa miezi michache. Aliyepokea barua alitaka kujua jambo moja kabla ya yote: je, aliyeniandikia yu hai? Sentensi ya kwanza ilimjibu. Na kwa kuwa "yu hai" ya leo huenda isiwe ya kesho, tarehe na mahali viliwekwa juu kabisa, ili msomaji ajue uzima huo ni wa siku gani na wa wapi. Tarehe katika barua ni ushahidi. Mwanafunzi anayeelezwa hivyo hatasahau kuiandika. Anayeambiwa tu kwamba bila tarehe atapoteza alama ataisahau mtihani ukiisha.

Sehemu ya pili ya fomula ilikuwa ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Katika barua za marafiki wa wakati huo, kutojibu kulizungumziwa kwa msamiati wa biashara. Rafiki alisema ana deni la barua. Aliyeandika mara mbili bila kujibiwa alidai. Aliyejibu "alilipa". Tusiichukulie lugha hiyo kama utani tu. Katika nchi ambayo watu walihama kwa wingi kwenda magharibi, urafiki wa mbali haukuwa na ushahidi mwingine ila mfululizo wa barua. Ukikatika, hukujua kama umekatwa na posta, na kifo au na moyo.

Mfululizo maarufu kuliko yote ulikatika kwa sababu ya siasa, na habari yake inatuhusu sana sisi tunaopigana na marafiki kila baada ya miaka mitano. John Adams wa Massachusetts na Thomas Jefferson wa Virginia walifanya kazi pamoja mwaka 1776 katika kamati iliyoandaa Tangazo la Uhuru. Miaka ya 1780 walikuwa Ulaya wakiiwakilisha nchi yao, na familia zao zikazoeana. Kisha vikaja vyama. Mwaka 1796 Adams alimshinda Jefferson katika uchaguzi wa urais. Mwaka 1800 Jefferson akamshinda Adams. Kampeni zilikuwa za matusi. Siku ya kuapishwa kwa Jefferson, tarehe 4 Machi 1801, Adams aliondoka jijini kabla ya mapambazuko asije akaishuhudia sherehe. Baada ya hapo, kimya.

Mwaka 1804 binti yake Jefferson aitwaye Maria alifariki. Abigail, mkewe Adams, ambaye aliwahi kumtunza binti huyo utotoni, aliandika barua ya rambirambi. Jefferson alijibu kwa shukrani, lakini katika jibu hilo alitia lawama kuhusu uteuzi wa maafisa ambao Adams aliufanya siku zake za mwisho madarakani. Abigail naye hakukaa kimya. Barua chache zilifuata, kila moja ikiwa na hoja kali kuliko iliyotangulia, hadi mwishoni mwa mwaka huo yakakoma. Hapo tunajifunza kwamba kuandikiana hakutoshi kuponya. Barua ya rambirambi iliyogeuzwa kuwa kesi huua hata kile kidogo kilichobaki.

Aliyewapatanisha alikuwa daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, rafiki wa wote wawili, ambaye pia alitia saini Tangazo la Uhuru. Mnamo Oktoba 1809 Rush alimwandikia Adams akimsimulia ndoto: ameota kitabu cha historia kinachoeleza jinsi Adams na Jefferson walivyorudiana kwa barua, kisha wakaingia kaburini karibu wakati mmoja, wakiwa wazee walioheshimiwa. Sijui kama Rush aliota kweli, lakini mbinu yake ya lugha naifahamu vyema. Wazee wetu wakitaka kumwonya mtu bila kumwaibisha husema, "Kuna mtu mmoja alikuwa…" Rush alisema, "Nimeota." Ombi lililovikwa ndoto halimlazimu mtu kulikataa hadharani.

Miaka miwili ilipita. Vijana wawili majirani wa Jefferson walimtembelea Adams mwaka 1811, na Adams akatamka mbele yao kwamba siku zote alimpenda Jefferson na bado anampenda. Maneno hayo yalimfikia Jefferson, naye akamwandikia Rush kwamba yametosha. Tarehe 1 Januari 1812 Adams, akiwa na umri wa miaka 76, alishika kalamu. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alimweleza Jefferson kwamba anamtumia vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani, kwa kuwa anajua Jefferson ni mpenzi wa bidhaa za nchini.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kutabasamu. Kifurushi kilichelewa, barua ikatangulia. Jefferson akajibu tarehe 21 Januari kwa aya nzima nzito kuhusu ufumaji wa nguo Virginia: jinsi kila familia inavyojifumia, mashine zinazotumika, na pamba na kitani. Siku mbili baadaye ilimbidi aandike tena. Kifurushi kilikuwa kimefika, na vile "vitambaa viwili" vilikuwa majuzuu mawili ya mihadhara ya balagha ya John Quincy Adams, mwanawe Adams. Kumbe kilichofumwa nyumbani ni kitabu! Sitiari juu ya kitabu cha ufasaha wa lugha ilipotea njiani kwa sababu gari la farasi lilibeba barua upesi kuliko kifurushi. Naipenda habari hii kwa kuwa inaonyesha kitu ambacho simu imetusahaulisha. Katika barua, utani husafiri peke yake. Mwandishi hayupo kukonyeza jicho.

Lakini angalieni matokeo yake. Kule kutoelewana hakukuharibu chochote. Pengine kulisaidia. Badala ya kurudi moja kwa moja kwenye uchaguzi wa 1800, wazee wale walianza na nguo. Katika jibu lile lile la tarehe 21, Jefferson alitoka kwenye nguo akafika kwenye kumbukumbu za taabu walizopitia pamoja wakipigania uhuru, na akafunga kwa kumhakikishia Adams kuwa upendo na heshima aliyo nayo kwake havijabadilika. Huo mwisho, kwa sura, ni tamati ya kawaida ya barua. Kila mtu aliandika kitu cha namna hiyo. Ila kwa watu wawili waliokuwa wamenyamaziana kwa miaka, neno kwamba upendo "haujabadilika" lilikuwa limebeba mzigo mzima wa barua. Fomula iliyozoeleka ilimpa Jefferson nafasi ya kusema jambo zito bila kulilia.

Niongeze kidogo kuhusu nguo, maana hapa kuna kamba inayofika kwetu. Katika miongo iliyofuata, viwanda vya Massachusetts, jimbo la Adams, vilifuma pamba kwa wingi, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaileta Unguja. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani huko. Barua zake ni miongoni mwa karatasi zilizohifadhiwa hadi leo. Barua za watu hao zilibebwa na merikebu kwa miezi, wala si siku 20 kama ile ya Adams. Nguo waliyoileta tuliiita merikani, na neno hilo bado limo katika kamusi zetu. Watu wa pwani nao hawakuhitaji kufunzwa uandishi wa barua. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizohifadhiwa Goa ni za mwanzo wa karne ya 18, zaidi ya miaka 80 kabla ya Adams na Jefferson kurudiana.

Turudi kwa wazee wetu. Kati ya 1812 na 1826 waliandikiana barua 158. Adams aliandika zaidi ya maradufu ya alizoandika mwenzake. Je, alidai deni? La. Mwaka 1813 alimwambia Jefferson asijali akiandikiwa barua nne kwa moja yake, kwa kuwa hiyo moja ina thamani kuliko zile nne. Ni tamko la ungwana mkubwa katika lugha ya deni: mdai anaufuta mkopo mwenyewe, tena kwa kumsifu mdaiwa. Mwaka huo huo alimwambia kwamba haifai wafe kabla ya kila mmoja kujieleza kwa mwenzake. Hakusema kabla ya kukubaliana. Na kweli hawakukubaliana katika mambo mengi. Walijadili serikali, dini, vitabu vya Wagiriki, uzee, huzuni na kama mtu angekubali kuishi maisha yake tena. Baadhi ya barua zilikuwa na ukali. Tofauti na mwaka 1804, safari hii hoja haikuruhusiwa kumtupa mtu nje.

Lazima niseme kwamba wazee hawa walikuwa na upendeleo ambao rafiki wa kawaida hakuwa nao. Kama marais wastaafu walipewa haki ya kupitisha barua bila malipo, kwa kutia saini zao nje ya karatasi. Senti 25 hazikuwahusu. Kilichowagharimu kilikuwa mwili. Jefferson alivunjika kifundo cha mkono wa kulia huko Paris mwaka 1786, na uzeeni kuandika kulimtesa. Mkono wa Adams ulitetemeka hadi akawa anatamka maneno na wengine kuyaandika. Deni la barua walililipa kwa maumivu.

Jambo moja zaidi la lugha. Msomaji wa leo akizifungua barua hizi hushangaa kwamba marafiki wa miaka 50 waliitana "Bwana Mpendwa" katika mtajo, kana kwamba wanaomba kazi. Upande mwingine, barua za vijana zilikuwa na mapenzi ya wazi mno. Daniel Webster, aliyekuja kuwa seneta mashuhuri, alipokuwa kijana alimwandikia mwenzake wa masomo James Hervey Bingham kwa majina ya huba ambayo leo kijana wa kiume angeona haya kuyatumia kwa rafiki. Tusikimbilie kuhukumu. Maneno ya upendo hubadilisha mipaka yake. Hata kwetu, redio ilitusalimu "wapenzi wasikilizaji" na hakuna aliyedhani anatongozwa, ilhali leo kijana akimwita rafiki yake "mpenzi" watu watageuza shingo. Barua za kale hutukumbusha kwamba msamiati wa urafiki uliwahi kuwa mpana, na kwamba tumeupunguza wenyewe.

Hata hivyo, nitakuwa sijawatendea haki wasomaji nikiishia kwa marais. Tarehe 28 Oktoba 1818 Abigail Adams alifariki. Tarehe 13 Novemba Jefferson, aliyekuwa amempoteza mkewe mwaka 1782, alimwandikia Adams barua fupi ya rambirambi, mojawapo ya zile zinazosomwa sana mpaka leo. Hakumwambia ajikaze. Alimwambia kwamba naye amepitia huko, kwamba dawa ni wakati na ukimya, na kwamba siku si nyingi wote watavua miili na kukutana na wapendwa wao.

Siku mbili baadaye, tarehe 15 Novemba 1818, iliandikwa barua nyingine, safari hii kwenda kwa Jefferson. Ilitoka Poplar Forest, shamba lake jingine huko Virginia, kwa jina la Hannah, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Hannah alianza kwa kumwambia kwamba anamwandikia mistari michache kumjulisha kuwa nyumba na vyombo vyake ni salama, na kwamba amesikitika kusikia yu mgonjwa na hataweza kuja. Kisha akamwasa amtegemee Mungu. Tazama: mistari michache, habari za usalama, habari za afya, na dua. Ni sura ile ile ya barua ya kirafiki, neno kwa neno karibu. Lakini urafiki unataka watu wanaoweza kukataa kuandikiana, na Hannah alikuwa mali ya aliyemwandikia. Katika majimbo ya kusini, desturi na baadaye sheria ziliwanyima watumwa wengi kujua kuandika, hivyo mamilioni ya "natumai u mzima" hayakuandikwa kamwe. Ndugu waliouzwa mbali hawakuwa na anwani ya kuweka juu kulia. Anayesifu barua za Jefferson bila kuisoma ya Hannah amesoma nusu ya habari.

Tumejifunza nini basi? Kwamba anwani ilikuwepo ili jibu lijue njia ya kurudi. Tarehe ilikuwa ushahidi wa uhai. Salamu za afya zilijibu hofu ya kweli. Kuomba radhi kwa kuchelewa kulikiri deni. Tamati iliruhusu moyo useme kwa heshima. Mambo haya mwalimu anaweza kuyaeleza kwa dakika 20, na sura yote ya barua ikapata maana.

Hapa natoa pendekezo kwa walimu wa Kiswahili, na halihitaji mtaala mpya wala pesa nyingi. Kila mwanafunzi amwandikie mtu halisi: nyanya aliye mashambani, mwenzake aliyehamia shule nyingine, ndugu aliye ughaibuni. Barua itumwe, kwa posta au kwa mkono wa msafiri. Nusu ya alama zisubiri jibu. Jibu likija, lisomwe na wawili hao, si na darasa zima. Mwanafunzi atajua upesi kama aliandika cha kujibika. Atakayekosa jibu naye atakuwa amejifunza, maana atalazimika kujiuliza alichoandika, na huenda akaandika tena. Na ningependa sana, baada ya uchaguzi wowote hapa kwetu, watu wazima wawili waliofutana kwenye simu wajaribu zoezi hili pia, wakianza na habari za nguo au mvua kabla ya kufika kwenye kura.

Barua ya mwisho ya Jefferson kwa Adams iliandikwa tarehe 25 Machi 1826. Haikupitia posta; ilibebwa na mjukuu wake, aliyetaka kumwona mzee huyo awasimulie wenzake kwamba alimwona. Adams alijibu tarehe 17 Aprili, akitania kwamba watu wa Virginia wote ni majitu, na wao wa kaskazini wakisimama kando yao ni vijibwana. Alikuwa na miaka 90. Tarehe 4 Julai mwaka huo, Tangazo la Uhuru likitimiza miaka 50 kamili, wote wawili walifariki siku moja, kama ilivyokuwa karibu katika ile ndoto ya Rush. Walikuwa wameshajieleza kila mmoja kwa mwenzake, na hakuna aliyekuwa na deni.